Jina la Mama Godelieve Kwenye Mizani

Ukitaka kugombana na Mama Godelieve, mwambie kwamba nyimbo zote ni sawa mradi zinachezeka. Ataacha cherehani, atavua miwani, na asubuhi yako itakuwa imekwisha hapo. Mwanamke huyu wa miaka sitini na moja, mshonaji wa Kolwezi, mjane, Mkatoliki asiyekosa misa ya kwanza, ana mambo mawili tu asiyoyasamehe: pindo lililopinda na wimbo uliotolewa kabla haujaiva.

Kwa ajili hiyo kila Jumamosi saa nne asubuhi sauti yake husikika katika redio. Redio yenyewe ni ya mtaani, chumba kimoja na mnara uliofungwa kwa waya juu ya paa, na ukiwa upande wa Nzilo huipati hata ukipanda juu ya ukuta wa bwawa. Lakini ndani ya Kolwezi inaingia kila mahali, kwa mafundi baiskeli, kwa wauza unga, kwa wasusi. Kipindi chake kinaitwa Mizani ya Jumamosi. Stany, kijana mwenye kofia asiyoivua hata akiwa anaoga, kwa maneno ya mama yake mzazi, ndiye fundi wa mitambo na ndiye mwenye kuuliza maswali. Huleta nyimbo mpya tatu zilizotoka wiki hiyo: mmoja wa pop, mmoja wa kucheza, mmoja wa metali, yaani ule muziki wa magitaa ya kunguruma na waimbaji wa kunguruma zaidi. Mama Godelieve huzipima. Wa kwanza hupigwa kila siku kwa wiki nzima, saa sita mchana na saa kumi na moja. Wa pili hupigwa ikipatikana nafasi. Wa tatu hurudi kwa mama yake, haupigwi tena.

Watu wasiomjua hucheka. Bibi mzima na metali wapi na wapi? Nao wakishacheka huanza kusikiliza, na wakishasikiliza hawaachi, maana hajui kupaka watu mafuta. Aliwahi kumwambia mwimbaji mmoja mwenye jina kubwa, hewani, kwamba wimbo wake ni shati la mtu mwingine lililogeuzwa ndani nje. Na hivyo ndivyo alivyoingia redioni tangu mwanzo. Miaka sita iliyopita Stany aliusifu wimbo fulani kuwa wimbo wa mwaka, na Mama Godelieve akaazima simu ya mteja aliyekuwa akipimwa kiuno, akampigia, akamweleza ni wapi ulikoibiwa mwanzo wake na ni wapi ulikoibiwa mwisho. Mteja alisimama na utepe kiunoni nusu saa. Stany aliishia kusema kwamba Jumamosi ijayo mama aje mwenyewe, aseme mbele ya watu.

Vipimo vyake ni vyake, hakufundishwa na mtu. Wimbo wa kucheza huusikiliza akiwa ameketi kwenye cherehani, mguu juu ya kanyagio. Haulazimishi mguu, huuacha tu. Mguu ukifuata ngoma wenyewe, wimbo unacheza. Mguu ukibaki na mwendo wake wa kushona, basi kelele hiyo yote ni bure, hata kama kijana ameweka ving'ora kumi. Wimbo wa pop huusikiliza akimenya viazi vitamu, mikono ina kazi na kichwa hakina. Akisikia mara mbili na mara ya tatu akajikuta anauimba mwenyewe, huo ni wimbo. Asipouimba, wauimbe wengine.

Metali ndiyo ina kipimo cha ajabu, nacho kilitokana na marehemu mumewe. Mukalay alikuwa mtu wa mashine ya kusaga mawe ya shaba kwa miaka thelathini na moja. Mashine hiyo ilimla masikio yote mawili, la kushoto kwanza. Enzi hizo Mama Godelieve alikuwa akimpelekea chakula getini, na kwa kusimama pale mchana baada ya mchana alijifunza kwamba kelele nayo ina tumbo. Mashine ikisaga bila kitu hupiga kelele nyingi, nyembamba, ya juu, inayokera meno. Ikiingiwa na jiwe la kweli sauti hushuka, hunguruma polepole, na ardhi ya chini ya viatu hutetemeka. Kwa hiyo wimbo wa metali huuweka ndani ya nyumba, hutoka nje, husimama nyuma ya ukuta wa uani, mikono kifuani, akasikiliza kama kuna jiwe. Nyingi hazina. Vijana wanasaga hewa, naye huwaambia.

Sasa nitaje na udhaifu wake, maana mtu asiye na udhaifu hasimuliwi, anaombewa tu. Katika muziki wa Kongo kuna desturi ya kutupa majina. Wimbo ukifika mahali pa kupumua, mwimbaji huita jina la mtu: mwenye ghala la mahindi, rais wa klabu ya mpira, bosi wa malori, mama mkubwa wa sokoni. Watu wa muziki huiita kutupa jiwe. Anayetupiwa hutabasamu wiki nzima, na mara nyingi ameshamsaidia mwimbaji, au mwimbaji anatumaini atasaidiwa. Mama Godelieve huisema desturi hiyo vibaya hewani kila anapopata nafasi. Husema nyimbo za siku hizi zimekuwa orodha ya walioalikwa harusini.

Na tangu akiwa msichana, moyoni mwake, alitamani siku moja atupiwe jina lake.

Hakumwambia mtu. Si binti yake Tatiana aliyeolewa Lubumbashi, si padri, wala Mukalay mwenyewe. Nani amtupie jina mshonaji? Ila kila wimbo ulipofika pale pa majina alinyamaza kidogo, akashusha mkono, akasikiliza mpaka yaishe. Kisha akaendelea kusema vibaya.

Basi Alhamisi moja ya mwezi wa tano, baridi ya asubuhi ikiwa imeanza kuuma vidole, Stany alileta flashi yenye nyimbo tatu. Mdomo wake ulikuwa na kicheko kilichokazwa, na aliondoka haraka kuliko kawaida. Mama Godelieve alikuwa na kazi ya blauzi kumi na mbili za kwaya ya akina mama, zinazotakiwa Jumapili. Aliichomeka flashi kwenye kiredio chake, akaanza na wimbo wa kucheza kwa sababu alikuwa tayari kwenye cherehani.

Ulikuwa wa Mwenze wa Mutshatsha, kijana anayesafirisha makaa kwa treni na kutunga nyimbo juu ya magunia. Uliitwa Funga Mukaba, yaani funga mkanda. Mwenze alikuwa amechukua sauti ya magurudumu ya treni yakipita maungio ya reli, akaifanya ngoma, na juu yake kinanda cha furaha kisichojua kunyamaza. Mguu ulifuata kabla ya dakika moja. Blauzi iliyokuwa kwenye sindano ilipata mshono uliokwenda mpaka nje ya kitambaa. Mama Godelieve aliridhika, akaandika kwa chaki ukutani: mguu ndiyo.

Akafuata wa pop, Asali ya Nzilo, wa Abigaëlle. Huyu alimjua tangu akiwa mtoto wa kutambaa, binti wa jirani wa nyuma ya ukuta, sasa ana miaka ishirini na mbili na sauti inayoweza kumtoa mtu kitandani akiwa na homa. Ndio wimbo wake wa kwanza kutolewa rasmi. Mama Godelieve alishika kisu na viazi. Wimbo ulianza vizuri, gitaa jepesi, sauti ikishuka taratibu. Ukasema mpenzi ni asali. Ukarudia kusema ni asali. Ukafika mahali pa kupumua, majina yakaanza kumwagika, la bosi wa malori, la mwenye duka la simu, la mwalimu wa mazoezi. Halafu, bila haraka, kwa ile sauti:

“Mama Godelieve, mushonaji wa kweli, bibi ya Mukalay.”

Kiazi kilianguka, kikabiringika mpaka mlangoni. Mama Godelieve hakukifuata. Alikaa na kisu mkononi, mdomo wazi. Kisha akainuka, akarudisha wimbo nyuma. “Bibi ya Mukalay.” Mukalay ambaye alikuwa amelala makaburini mwaka wa nne sasa, jina lake limo ndani ya wimbo, limeimbwa, tena limeimbwa pamoja na la mkewe. Alicheka peke yake. Alilia kidogo, akacheka tena, akajipiga paja. Akaurudisha wimbo mara ya tatu, ya sita, ya kumi na moja, na baada ya hapo alijua ni sekunde ipi ya kuuwekea ili asipoteze muda na asali.

Siku ile na iliyofuata hapakuwa na mtu mwenye kichwa chepesi kama yeye kati ya Kolwezi na Fungurume. Alikwenda sokoni kununua uzi mweupe akiwa na makasha matatu ya uzi mweupe nyumbani, simu aliyoirekodia wimbo imo mfukoni mwa kikoi, sauti mwisho. Kila alipofika penye watu watatu simu ikawa na bahati ya kuanza kupiga. Muuza dagaa alimpongeza. Mponda mihogo alitaka kusikia tena. Alimpigia Tatiana, akamwuliza hali ya watoto, na katikati ya hali ya watoto akamsogezea kiredio. Tatiana alipiga kelele za furaha mpaka mumewe akaja kuuliza nani amekufa.

Blauzi nazo zilishonwa kwa furaha hiyohiyo. Mama Micheline, kiongozi wa kwaya, alipokuja Ijumaa mchana kukagua, aliinua moja, akaitazama, akaivaa juu ya nguo zake, akasimama kama askari aliyevunjika bega. Ilikuwa na mikono miwili ya kushoto. Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa na mkono mmoja wa kushoto na mwingine uliowekwa ndani nje. Kwa siku nyingine yoyote Mama Godelieve angekufa kwa aibu. Ijumaa ile alicheka hata akaegemea meza, akaahidi kuzifumua zote, akamwomba mwenzake akae kwanza asikilize kitu.

Mama Micheline alisikiliza, akashika kifua. Kwake hapakuwa na jambo la kupima. Wimbo huo ni wa kwanza, alisema, utapigwa saa sita na saa kumi na moja, wiki nzima, mara kumi na nne, na yeye ataileta kwaya yote uani isikilize. Ikiwa wa tatu, basi jina halisikiki tena kwenye redio milele, na Mukalay naye. Nani afanye upumbavu kama huo?

Alipoondoka, Mama Godelieve alibaki akifumua mikono ya kushoto na kufikiri. Kusema kweli hakuwa anafikiri. Alikuwa anatafuta njia. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Alijiambia kwamba asali si maneno mabaya, asali ni tamu. Alijiambia kwamba gitaa la mwanzo lilikuwa jepesi kwa makusudi. Alijiambia kwamba sauti ya Abigaëlle peke yake inatosha nafasi ya kwanza, na hapo hakuwa anadanganya, sauti ilikuwa na uzito wake. Na kipimo cha viazi je? Tangu jana alikuwa anauimba wimbo huo bila kupumzika. Aliuimba sokoni, aliuimba akifagia, aliuimba hata sasa na wembe wa kufumulia mkononi. Kwa sheria yake mwenyewe wimbo ulikuwa umeshinda.

Akajisikiliza anaimba nini.

Alikuwa anaimba “Mama Godelieve, mushonaji wa kweli, bibi ya Mukalay.” Hilo tu. Alijaribu kuimba kipande kingine. Asali... asali ya Nzilo... halafu? Hakukumbuka. Alikuwa ameusikia zaidi ya mara arobaini, na nje ya jina lake hakuwa na hata mstari mmoja kichwani. Aliona haya, akiwa peke yake chumbani, haya ya kweli iliyompandisha joto masikioni.

Aliurudisha wimbo mwanzo, akausikiliza kama mshonaji anayeletewa nguo ya mwingine. Akahesabu majina kwa vidole, vidole vikamwishia. Yalikuwa kumi na manne. Yaliingia dakika ya pili wimbo ulipokuwa unaanza kupata miguu, yakakaa hapo, na yalipoondoka wimbo ulikuwa umesahau ulikokuwa unakwenda, ukabaki kusema asali mpaka mwisho. Katikati ulilala usingizi. Na moja ya majina yaliyoulaza ni lake.

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba wa metali hajausikia kabisa.

Ulikuwa wa vijana wanne wa Fungurume, wachomeleaji wa magari ya mizigo, wanaojiita Bana Chuma, watoto wa chuma. Jina la wimbo, Jiwe Inakatala, jiwe linakataa. Aliuweka, akatoka nje, akasimama nyuma ya ukuta. Mwanzo akasikia kelele tu, nyembamba, ya juu, akatikisa kichwa: hewa. Wanasaga hewa. Kisha ngoma ikasita, magitaa yakashuka mahali pa chini sana, yakaanza kuguguna, na kibati kilichofunika ukuta kikaanza kutetemeka chini ya kiganja chake. Jiwe lilikuwa limeingia. Mwimbaji alinguruma maneno ambayo mtu wa kawaida asingeyapata, lakini Mama Godelieve alikuwa ameishi na mtu aliyezungumza kwa kushindana na kelele za mashine miaka thelathini na moja. Aliyapata yote. Yalisema: jiwe linakataa, na mimi nakataa, tutaona nani atachoka kwanza. Yalisema: nyumbani wananiita sisikii. Wimbo ulikuwa na dakika tatu na nusu, na haukuwa na jina la mtu hata mmoja. Alibaki pale nje mpaka baridi ikamfukuza.

Jumamosi saa nne kasoro alipanda ngazi za redio akiwa amevaa kitenge chake cha sikukuu, na Stany alimpokea kwa kicheko ambacho sasa hakuwa akikikaza. Njiani watu wanne walikuwa wamempungia mkono na kumwambia wameshafungua redio.

Walianza na Funga Mukaba. Alimsifu Mwenze kwa magurudumu ya treni, akasema huyu kijana ameokota ngoma iliyokuwa inatupwa kila siku kwenye reli na sisi sote tunapita. Akamgombeza kwa kinanda. Kinanda kisichonyamaza, alisema, ni mgeni anayekula na kuzungumza pamoja. Stany alicheka mpaka akaibana maikrofoni na kiwiko.

Ukaja Asali ya Nzilo. Stany aliuacha upite wote, na pale jina lilipofika alipandisha sauti. Mama Godelieve alifumba macho. Aliacha liingie mara hiyo moja bila kujizuia, kwa sababu alijua kinachofuata na hakutaka kujinyima. Kisha ukapigwa wa Bana Chuma, na simu ya redio ikaanza kulia kwa watu wanaouliza kama mtambo umeharibika.

Stany akauliza swali lake la kila wiki, mizani inasemaje. Mama Godelieve aliisogeza maikrofoni karibu.

“Wa kwanza, Jiwe Inakatala,” alisema. “Wa pili, Funga Mukaba. Wa tatu, Asali ya Nzilo.”

Stany alisahau kazi yake. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama mama amesikia vizuri majina yaliyomo kwenye ule wa tatu.

“Nilisikia. Nilisikia mara mingi, hata blauzi za kwaya zinajua. Jina yangu iko muzuri sana mule, na mi nilifurahi, sitadanganya. Lakini nilipima chanson, sikupima jina. Mu chanson ya Abigaëlle muko jina ya bwana yangu. Mu ile ya batoto ba Fungurume jina yake hamuna, lakini ye mwenyewe iko mule.”

Akaongeza, kwa ajili ya Abigaëlle popote alipo, kwamba sauti ni ya kwanza Kolwezi nzima, na wimbo bado. Kisha akashuka ngazi, akaenda kumalizia blauzi, safari hii kwa mikono ya pande zote mbili.

Kwaya ilimnunia Jumapili, ikiwa imevaa kazi yake. Mama Micheline alimwambia kwenye mlango wa kanisa kwamba mtu akipewa asali na kuitema ana maradhi ya ulimi, halafu akashindwa kujizuia, akacheka. Tatiana alipiga simu kutoka Lubumbashi kumwuliza kama yuko mzima. Jumatatu saa sita mchana Bana Chuma walivuma kwa mara ya kwanza juu ya mapaa yote ya mtaa, mbwa wakaingia chini ya magari, na muuza dagaa alituma ujumbe kwamba wateja wake wamekimbia lakini dagaa wamepata nguvu.

Jumanne Abigaëlle alibisha hodi. Alikuwa amekuja na daftari la shule, uso umevimba, na hakutaka kuketi. Mama Godelieve alimwekea kiti mwenyewe. Msichana alisema hakuja kulalamika, kisha akalalamika vizuri tu, kwamba wenye majina wengine kumi na watatu wamemkasirikia, kwamba redio haitaupiga wimbo wake tena, kwamba hao kumi na watatu ni kweli aliwatupia ili wamsaidie studio, lakini moja hakulitupa kwa sababu hiyo.

“Mama, ile ya kwako, Tata Mukalay ndo aliniombaka.”

Mama Godelieve alikuwa ameshika sindano kati ya midomo. Aliitoa.

“Mi nilikuwa ningali mutoto, naanza kuimba mu parcelle yetu, uani kule. Akakuya ku ukuta, akaniita. Akasema, Abi, siku utafanya chanson yako, utie jina ya bibi yangu. Akasema, kila wakati banatupa majina mu radio, ye ananyamaza, anangojea. Anazani mi sioni.” Msichana alijifuta pua. “Alizaniaka anasema polepole. Alikuwa anapiga makelele, mama, unamujua. Batu bote ba parcelle balisikia. Ni weye tu haukusikia, ulikuwa ku soko.”

Mama Godelieve alitazama ukuta wa uani. Mtu aliyekosa masikio yote mawili ndiye pekee aliyekuwa amesikia kunyamaza kwake, na mtaa mzima umeijua siri hiyo miaka yote, ukamwacha aende redioni kila Jumamosi kuyasema vibaya majina. Kicheko kilimpanda kutoka mahali pa chini sana. Alicheka huku machozi yakimwagika kwenye kitambaa cha mteja, akapiga meza, akamshika Abigaëlle mabega akamtikisa, na msichana, asiyejua kama amemfurahisha au amemuua, akaanza kucheka pia.

Walipopata pumzi, Mama Godelieve alilivuta daftari. Maneno ya Asali ya Nzilo yalikuwa yameandikwa kwa kalamu ya buluu, na majina kumi na manne katikati ya ukurasa. Alichukua chaki ya kukatia nguo. Alikata la bosi wa malori. Alikata la mwenye duka la simu. Aliendelea hivyo, akiyasoma moja moja, Abigaëlle akiguna kila linapoondoka, mpaka likabaki lake na la mumewe, mstari mmoja.

“Hiyo tuache, mama,” Abigaëlle alisema. “Tata aliomba.”

“Aliomba siku utafanya chanson. Chanson ingali bado.”

Akavuta chaki juu ya jina lake, na juu ya la Mukalay polepole zaidi. Ukurasa ulikuwa na mistari minane iliyosalia na uwazi mkubwa katikati. Akamwuliza Abigaëlle huyo mpenzi wa asali ni nani, ana kazi gani, anacheka vipi, maana wimbo mzima haukusema. Msichana aliona haya, akasema ni fundi wa pampu kule bwawani, na akicheka hutoa sauti kama mtu aliyemeza nzi. Mama Godelieve alimwambia ayaandike hayo, yote, pamoja na nzi.

“Na kisha wimbo ukiisha kukuwa wimbo?” Abigaëlle aliuliza.

“Utakuja, nitaupima,” Mama Godelieve alisema, akimsogezea kalamu. “Ukipita, utatutia shiye wawili. Ye kwanza.”